Shosho na Sindano za Ijumaa

Anayeishi Nairobi hakosi kukutana na mbwa jike wa mtaani anayedondokwa na damu nyuma, tone baada ya tone, akijilamba kila anapoketi, huku watoto wakimfukuza kwa mawe kwa sababu ya harufu. Wapita njia husema amegongwa na gari, au amechakazwa na uzazi, au ni uzee tu. Mara nyingi si lolote kati ya hayo, bali ni saratani, tena saratani ya aina ambayo mbwa mmoja humwambukiza mwenzake, hasa wakati wa kupandana, na ambayo, kinyume na tulivyozoea kila linapotajwa neno saratani, hupona kabisa kwa dawa kwa mbwa walio wengi. Madaktari wa mifugo wa hapa wanaifahamu vizuri kwa sababu wanaiona kila mara. Sisi tunaofuga ndio tusioifahamu, na kwa kutoifahamu tunawaacha mbwa wanaotibika wafe, au tunaomba wadungwe sindano ya mwisho, hasa wakiwa wazee, na hasa ikiwa hatukuwalea sisi wenyewe tangu udogo wao.

Mbwa wangu Shosho sikumlea mimi. Alikuwa wa mzee mmoja jirani yetu hapa Uthiru, ambaye watoto wake walimhamishia kwenye nyumba ya ghorofa upande wa Kasarani, ambako mwenye nyumba hataki mbwa. Mbwa akabaki na bawabu wa kiwanja kile, aliyekuwa akimgawia ugali wake, na ndiye aliyeanza kumwita Shosho kwa sababu ya mdomo uliojaa mvi na mwendo wake wa kutohangaika. Kiwanja kilipouzwa, bawabu alinijia akaniambia, "Mama, huyu akibaki hapa wanakandarasi watamfukuza, na mimi napelekwa lindo lingine." Hivyo ndivyo alivyovuka barabara akahamia kwangu, na mali yake yote ilikuwa mnyororo ambao hakuuhitaji na sufuria kuukuu isiyo na mkono. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, aligoma kulitumia jina hilo, akisema hawezi kumwita mbwa kwa jina ambalo wajukuu zake wanamwitia yeye. Mpaka leo humwita "yule mama".

Damu niliiona kwenye saruji ya baraza, na jirani mmoja mwenye uzoefu wa mbwa aliniambia kwamba ni joto tu, yaani zile siku za jike kutaka dume, litapita. Maelezo hayo yana mantiki, kwa kuwa mbwa jike hana ukomo wa hedhi kama mwanamke. Hata akizeeka huendelea kupata joto, kwa kawaida kama mara mbili kwa mwaka, na kipindi chote hudumu takriban wiki tatu. Lakini damu ya Shosho haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ilikuwapo wiki hii, ikapungua, ikarudi, na pamoja nayo kulikuwa na kujilamba kusikokoma, hata usiku, kiasi kwamba nilikuwa nikiusikia ulimi wake nikiwa kitandani. Uthiru iko jirani na Kampasi ya Kabete ya Juu, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha udaktari wa mifugo, kwa hiyo mtaa wetu hauna uhaba wa madaktari hao, na nilimpeleka kwa mmoja mwenye kliniki ndogo ya mbwa na paka.

Daktari alivaa glavu, akamwinua mkia, akapanua kwa upole, akanionyesha kinyama chekundu chenye vifundo vifundo kama koliflawa, kilichovuja damu kwa kuguswa tu na pamba. Alichukua kipande cha kioo cha maabara, akakigandamiza juu ya uvimbe ule, akakiacha kikauke, akakitia rangi, kisha akanikaribisha kwenye hadubini. Nilitarajia kuona vurugu, nikaona seli za mviringo zilizokaribiana kwa ukubwa, kila moja ikiwa na vishimo vidogo vyeupe vilivyojipanga ndani yake. Vishimo vile, akaniambia, ndivyo alivyokuwa akivitafuta. Baada ya hapo alimfungua mdomo, akamulika ufizi, akachungulia matundu ya pua, kwa kuwa mbwa hunusana na kulambana pale pale penye ugonjwa, na uvimbe huu huweza kuota puani au mdomoni vilevile. Huko kulikuwa safi, isipokuwa meno, ambayo nitayarudia.

Alipima damu pia, na hapo tukapata jambo la pili. Chembe za kugandisha damu zilikuwa chache mno, na chanzo kilikuwa homa ya kupe, ugonjwa ambao mbwa wengi wa jiji hili wanao bila wenyewe kujua, kwa sababu kupe wa kahawia wa mbwa hustawi kwenye nyufa za kuta na vibanda mwaka mzima. Nilitaka tuanze na saratani mara moja. Daktari alikataa, akaeleza kwamba dawa ya saratani hushusha damu, na kwamba haifai kuishusha damu ambayo tayari imeshuka. Kwa hiyo tulianza na doksisaiklini, tembe za wiki nne zilizofichwa ndani ya vipande vya maini, na tukangoja mpaka hesabu ya chembe ilipopanda ndipo tukaigeukia saratani.

Kipindi hicho cha kungoja nilikitumia kusoma, na niliyoyasoma yalinishangaza kuliko nilivyotarajia. Ugonjwa huu hausababishwi na virusi wala bakteria. Kinachohama kutoka mbwa hadi mbwa ni seli zenyewe za saratani, zikiwa hai, ambazo hujishikiza kwenye utando laini wa mwenyeji mpya na kuendelea kukua. Mbwa wa kawaida ana kromosomu 78. Seli za uvimbe huu zina pungufu ya hapo na zimepangika vingine kabisa, jambo linaloonyesha kwamba hazikuzaliwa katika mwili wa mbwa anayeugua. Zilizaliwa katika mwili wa mbwa mmoja wa zamani, na utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science ulikadiria kwamba aliishi barani Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Yeye alikufa, seli zake zimekuwa zikisafiri tangu wakati huo, na zimekwisha kufika karibu kila bara. Kwa hiyo kile kilichokuwa kikidondosha damu barazani kwangu, tukisema kweli, hakikuwa sehemu ya Shosho hata kidogo. Mama alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu, kama binadamu anaweza kuambukizwa, na alipojibiwa kwamba hawezi, akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Hata hivyo Mama alikuwa na swali lingine, ambalo alilileta siku nyingine, na ambalo majirani, wafanyakazi wenzangu na hata muuzaji wa nyama waliniuliza kwa namna zao. "Mwanangu, huyu mbwa amekula chumvi nyingi. Mbona usimwache?" Sitawalaumu. Katika jiji ambalo watu huchangishana ili mgonjwa wao apate matibabu, si vibaya kuuliza kwa nini pesa ziende kwa mbwa, tena mbwa wa watu. Nililipeleka swali hilo kwa daktari likiwa hivyo hivyo, na nilipenda kwamba hakunijibu kwa hisia. Alisema kwamba miaka tisa au kumi, umri aliomkadiria kwa meno na kwa ukungu wa macho, haimwambii lolote mpaka aone ini, figo na moyo. Vincristine, ambayo ndiyo dawa ya ugonjwa huu, husafishwa mwilini na ini, hivyo ini likiwa dhaifu dawa hukaa na kudhuru. Vipimo vikarudi vizuri. Akaniambia kwamba tungekuwa tunazungumzia saratani ya tezi za limfu, ambayo kwa mbwa hutulizwa kwa muda na mara nyingi hurudi, angenitaka nifikiri zaidi. Lakini hii ilikuwa wiki chache za adha zinazofuatwa na maisha ya kawaida. Jibu hilo ndilo lililonikata shauri, na bado naona kwamba ndiyo hesabu anayopaswa kuifanya mtu mwenye mbwa mzee: kupima ukubwa wa adha dhidi ya maisha yatakayobaki baada yake, kwa mbwa huyu, kwa ugonjwa huu, bila kuhukumu kwa mvi za mdomoni.

Kuhusu dawa yenyewe nitasema machache. Vincristine ni dawa ile ile wanayopewa watoto wenye saratani ya damu hospitalini, na ilipatikana katika mmea wenye asili ya Madagaska, ule wa maua madogo ya petali tano, ya waridi au meupe, ambao Pwani hupandwa sana kama pambo la bustani. Marekani iliiidhinisha mwaka 1963. Kipimo chake hakihesabiwi kwa kilo moja kwa moja bali kwa eneo la mwili: mbwa wa kilo 18 kama Shosho ana eneo la karibu mita za mraba 0.7, na kwa kuwa hutolewa miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita ya mraba, alihitaji chini ya nusu miligramu kwa wiki. Dawa huja ikiwa na miligramu 1 katika kila mililita. Maana yake ni kwamba kile kilichokuwa kikiliyeyusha koliflawa lile kilikuwa chini ya nusu mililita ya kimiminika kisicho na rangi, kiasi ambacho mara ya kwanza nilidhani daktari amesahau kujaza bomba la sindano.

Udogo huo haupunguzi hatari yake. Dawa hii inapaswa kuingia ndani ya mshipa tu. Ikivuja nje hata kidogo, ngozi na nyama ya mahali hapo huweza kufa na kuacha kidonda kibaya. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya kila Ijumaa ilikuwa maandalizi, na sindano yenyewe ilikuwa ya muda mfupi mno. Daktari alimnyoa manyoya ya mguu wa mbele, wiki hii wa kulia, wiki ijayo wa kushoto, akaufunga mpira juu ya kiwiko, akausugua mshipa mpaka ukajitokeza. Mbwa mzee mishipa yake hukimbia chini ya ngozi, na tulijifunza kumpa maji ya kutosha asubuhi na kumtembeza kidogo kabla ya kuingia ili damu ichangamke. Alipoingiza kanula, yaani kile kimrija chembamba cha mshipani, hakutoa dawa kwanza, bali alisukuma maji safi ya chumvi huku kidole chake kingine kikipapasa pembeni kuona kama panavimba. Akirudisha bomba nyuma, damu ilipaswa kuonekana. Isipoonekana, aliitoa kanula akaanza upya kwenye mshipa mwingine, bila kujadiliana. Ikionekana, dawa iliingia taratibu, ikafuatwa na maji mengine ya chumvi ya kuusafisha mshipa.

Kazi yangu ilikuwa kushika. Mkono wa kushoto chini ya kidevu chake, kichwa chake kikiwa kimeegemea bega langu, mkono wa kulia nyuma ya kiwiko ili asiuvute mguu. Shosho hakuiogopa sindano hata mara moja. Kilichomtisha ni mlio wa mashine ya kunyolea, na mwishowe daktari aliiacha akatumia mkasi. Nilichokuwa nikikisikia wakati wote ule ni pumzi yake yenye harufu ya meno mabovu, na moyo wake ukigonga kifuani mwangu, mwanzoni kwa kasi, kisha polepole zaidi kila Ijumaa iliyofuata.

Usafiri ulitusumbua kuliko sindano. Kutoka kwetu hadi kliniki si mbali, lakini Shosho hakuweza kutembea kurudi akiwa amechoka, na jiji hili halijatengenezewa mtu mwenye mbwa asiye na gari. Matatu hazitaki mbwa. Madereva wa teksi za kuitwa kwa simu hukubali safari, hufika, humwona, kisha hughairi wakiwa wamesimama mbele yako. Aliyetuokoa ni kijana mwenye Probox anayeleta mboga kutoka soko la Wangige alfajiri, ambaye saa za mchana gari lake huwa tupu. "Dada, nitambeba," alisema, "lakini atandikiwe gunia, na akitapika utaosha wewe." Hakutapika hata mara moja garini, na yule kijana alianza kuniuliza hali ya "shosho wetu" kabla sijauliza bei.

Tulichagua Ijumaa kwa sababu mimi ni mtu wa ofisini, na nilitaka siku mbili za kwanza ziangukie mwisho wa wiki. Jumamosi alikuwa mnyonge, hakugusa chakula cha asubuhi, na wakati mwingine alitapika povu la njano. Daktari alikuwa ametupa tembe za kuzuia kichefuchefu, ambazo ni heri zitolewe kabla ya kutapika kuliko baadaye. Jumapili jioni alianza kuomba chakula. Vincristine hulegeza mwendo wa utumbo, kwa hiyo tuliangalia pia kama anapata choo, na kijiko cha boga lililopondwa ndani ya chakula kilitusaidia zaidi kuliko nilivyoamini. Manyoya hayakunyonyoka. Watu wote waliuliza kuhusu manyoya, kwa kuwa ndiyo picha waliyo nayo ya tibakemikali, lakini mbwa wengi hawayapotezi kwa namna binadamu anavyopoteza nywele, isipokuwa wale wa jamii za nywele zinazokua bila kukoma, kama poodle. Shosho alipoteza tu masharubu kadhaa.

Kilichohitaji uangalifu hasa ni katikati ya wiki, wakati ambapo kwa macho alionekana mzima. Seli nyeupe za damu hufikia kiwango cha chini kabisa siku ya nne hadi ya saba baada ya sindano, na mbwa asiye na seli hizo anaweza kushindwa na vijidudu vya tumboni mwake mwenyewe. Kwa hiyo Jumanne hadi Alhamisi nilimpima joto asubuhi na jioni, kwa kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kilichopakwa mafuta, kinakoingia kunajulikana. Joto la mbwa ni la juu kuliko letu, nyuzi 38 hadi 39 na kidogo, na daktari alinipa mpaka mmoja wa kuukumbuka: likifika 39.5, nisingoje kuche. Nyama mbichi na mifupa kutoka buchani ilipigwa marufuku katika siku hizo, kila kitu kikachemshwa.

Hapo ndipo Mama alipoingia katika matibabu haya bila kutangaza. Mbwa wetu wa zamani walikula mabaki ya mchuzi kama mbwa wote wa mtaa huu, lakini vitunguu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu seli nyekundu za damu za mbwa, na mbwa ambaye damu yake inahesabiwa kila wiki hapaswi kupewa hata kidogo. Nilieleza hayo mara moja mezani. Tangu siku ile, kabla hajakaanga kitunguu, Mama alikuwa akichota matumbo yaliyochemshwa bila chumvi na kuyaweka pembeni kwenye ile sufuria isiyo na mkono, akayachanganya na ugali laini na omena waliooshwa. Nikimshukuru alinijibu kwamba hafanyi kwa ajili ya mbwa, anafanya ili chakula kisitupwe.

Kwa siku tatu baada ya kila sindano mkojo na kinyesi huwa na mabaki ya dawa, kwa hiyo tulivaa glavu, tukamwaga maji mengi mahali alipokojoa, na matandiko yake yakafuliwa peke yake. Mpwa wangu, ambaye alikuwa mjamzito wakati huo, aliombwa asimsogelee kabisa katika siku hizo, na aliyapokea maelezo hayo kwa furaha ambayo sikuiona kuwa ya heshima kwa Shosho.

Katikati ya matibabu tulikwama. Damu iliyopimwa asubuhi ya Ijumaa ilionyesha seli nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa kila mikrolita, na daktari akaifunga chupa ya dawa bila kuitumia. Tungoje siku tatu au nne, akasema, na kipimo kitakachofuata kipunguzwe kwa robo. Nilisikitika kuliko inavyostahili, kwa sababu tayari kutokwa na damu kulikuwa kumekoma, uvimbe ulikuwa umesinyaa kiasi cha kuonekana kwa shida, na nilikuwa nikihesabu Ijumaa zilizobaki. Ndipo mtu mmoja wa karibu aliponishauri niachie hapo hapo, kwa kuwa amepona. Ushauri huo husikika wa busara, na nadhani ndio unaoharibu matibabu mengi ya ugonjwa huu. Uvimbe usioonekana kwa jicho huwa bado una seli, na zikiachwa nusu huweza kurudi zikiwa zimeizoea dawa. Ikifika hapo dawa inayofuata huwa doksorubisini, ambayo huugusa moyo, na moyo wa mbwa wa miaka kumi si wa kuchezewa. Hata upasuaji, ambao wengi hudhani ndio njia ya mkato, mara nyingi hufuatwa na uvimbe kurudi. Tuliendelea mpaka daktari alipoona utando mzima umekuwa laini na wa waridi, akadunga mara nyingine baada ya hapo kwa ajili ya uhakika.

Kuna jukumu moja ambalo hakuna aliyenitayarisha kwalo. Daktari aliniuliza Shosho amepandana na nani. Sikujua, lakini bawabu wa zamani, nilipompigia simu, alijua vizuri sana na akanitajia mageti. Hakuna namna ya heshima ya kusimama langoni kwa mwanamume mzima, saa kumi na mbili jioni, akiwa ametoka kazini na mkoba mkononi, ukamweleza kwamba mbwa wake huenda ana uvimbe kwenye sehemu za siri na kwamba umekuja kwa nia njema. Mmoja aliniambia kwamba mbwa wake ana adabu. Mwingine alicheka mpaka akashika geti, kisha akanyamaza, akasema kwamba kwa kweli amekuwa akiona damu na akidhani ni mkojo wenye maambukizi. Huyo alimpeleka mbwa wake wiki ile ile, na kwa muda fulani tulikuwa tukikutana Ijumaa kwenye benchi la kliniki, mimi na Shosho wangu, yeye na dume lake kubwa lililotetemeka lilipomwona daktari, tukijadili bei ya vipimo.

Bei yenyewe ilinishangaza kwa namna yake. Vincristine si dawa ghali kama jina la saratani linavyotisha. Kilichokula pesa ni vipimo vya damu vya kila wiki, na nauli ya Probox. Nililipa kwa M-Pesa kidogo kidogo kwa makubaliano na daktari, na namshauri yeyote anayeingia katika safari hii aulize gharama ya vipimo kabla ya gharama ya sindano. Asikubali pia kuviruka ili aokoe pesa, kwa sababu bila hesabu ya ile Ijumaa tuliyokwama, dawa ingedungwa ndani ya mbwa asiye na kinga.

Damu ilipotulia alifungwa kizazi. Upasuaji huo haukuwa wa kutibu saratani, bali wa kukomesha joto na wageni wa usiku wanaokuja nalo, na kwa mbwa wa umri wake humwepusha pia na usaha wa mji wa mimba, ambao huwapata majike wazee wasiofungwa na huua haraka. Geti sasa hufungwa saa kumi na mbili, jambo ambalo yeye hulipinga kwa kulala mbele yake ili mtu yeyote anayeingia amruke. Daktari humkagua kila baada ya miezi michache, kwa kioo na hadubini ile ile, na mpaka sasa hakijaonekana kishimo cheupe hata kimoja.

Yamebaki meno. Magego mawili ya juu yamelegea, ufizi umerudi nyuma, na ile harufu niliyokuwa nikiivumilia begani kila Ijumaa haikutoka kwenye dawa. Yatang'olewa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, baada ya kupimwa ini na figo tena, na daktari ameniambia nitenge siku ya Ijumaa.